UZI: Tuchague vitabu vya Krismasi vya kusoma na rafiki, taratibu, bila presha

#1 Binti wa Kihamba (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu,

Ikiingia Desemba mimi na rafiki yangu huwa tunafanya chalenji ya kusoma ya Krismasi. Yeye yuko Leeds, Uingereza, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, na sikukuu ndipo zamu zinapozidi. Mimi niko Dar, na wiki ile ikifika nitakuwa stendi ya Magufuli, Mbezi, nikigombea siti ya basi la Moshi na Wachagga wenzangu. Hakuna wa kumaliza vitabu kumi hapa. Hatushindani wala hatuhesabu kurasa. Tunachagua vitabu vichache, tunasoma kimoja kwa pamoja, tunarushiana voisi, basi. Ambaye hajamaliza hasemwi.

Nimefungua uzi kwa sababu kuna nafasi mbili kwenye orodha yetu bado ziko wazi, na humu najua kuna wasomaji hasa. Ila kwanza niwaeleze tunavyochagua, maana naona chalenji nyingi za namna hii zinafia njiani na mara nyingi chanzo ni vitabu vyenyewe.

Watu wengi wanachagua kwa jalada. Kitabu kina theluji, utepe mwekundu na dirisha lenye taa, kinaingia kwenye orodha. Havina ubaya. Lakini ukisoma vitatu vya hivyo mfululizo na rafiki yako, cha tatu mnabaki kuambiana "kizuri" na "hata mimi nimekipenda", mazungumzo yameisha. Mnapokuwa wawili mnahitaji vitabu vinavyojibizana vyenyewe kwa vyenyewe, ili na nyinyi mpate cha kubishania.

Mwaka huu tumechagua watu wanaohesabu hela siku ya sikukuu. Sijui kama kuna jambo linaloihusu Desemba yetu zaidi ya hilo. Nauli imepanda, watoto wanataka nguo, nyumbani wanasubiri sukari na mchele, na Januari ada inakuja. Halafu unagundua kwamba hadithi za Krismasi zilizodumu kuliko zote zimeandikwa juu ya hesabu hiyo hiyo.

Tunaanza na O. Henry, "The Gift of the Magi". Ilitoka gazetini New York tarehe 10 Desemba 1905, na unaimaliza kabla chai haijapoa. Inaanza na hela: dola 1 na senti 87, na senti 60 kati ya hizo ni sarafu za senti moja moja, zilizobanwa kwa muuza duka na muuza mboga. Della anazihesabu mara tatu. Kesho ni Krismasi na anataka kumnunulia mumewe zawadi. Anauza nywele zake kwa dola 20, anapata mkufu wa saa wa dola 21. Piga hesabu mwenyewe uone amebaki na senti ngapi. Mwandishi hakwambii anampenda mume wake kiasi gani, anakwambia bei. Mwisho sisemi, kuna ambao hawajaisoma.

Cha pili ni Charles Dickens, "A Christmas Carol". Kilitoka London tarehe 19 Desemba 1843, na nakala 6,000 za mwanzo ziliisha kabla ya Krismasi yenyewe. Wengi tunamjua bahili Scrooge kwa kusikia au kwa katuni, kitabu hatujakifungua. Kifungueni. Kuna sehemu mwanzoni kabisa ambayo siichoki: Scrooge ana moto mdogo ofisini, na moto wa karani wake ni mdogo zaidi, unaonekana kama kipande kimoja tu cha makaa. Karani hawezi kuongeza, kwa sababu sanduku la makaa Scrooge ameliweka chumbani kwake. Akiingia na koleo kuchota, anaambiwa kazi itamshinda, waachane. Basi anajifunga skafu na kujaribu kujipasha moto kwenye mshumaa. Aliyewahi kufanya kazi kwa tajiri wa namna hiyo hahitaji kufafanuliwa. Kina sehemu tano tu, kwa hiyo tumekipa jioni tano.

Cha tatu ndicho kilichonifanya nipende mpangilio huu. Claire Keegan, Muayalandi, "Small Things Like These", 2021. Kurasa 116. Kilipoingia fainali za tuzo ya Booker mwaka 2022 kilikuwa kitabu kifupi kuliko vyote vilivyowahi kufika hatua hiyo. Ni Krismasi ya 1985 katika mji wa New Ross. Bill Furlong anauza makaa ya mawe na kuni, ana mke na mabinti watano, na watu wanakopa maana kazi hakuna. Anapeleka makaa kwenye nyumba ya masista, na anachokikuta kwenye stoo ya makaa kinamtoa usingizi. Sasa viweke vitabu hivi viwili pamoja: kimoja kina mtu anayemnyima mwenzake kipande cha makaa, kingine kina mtu ambaye makaa ndiyo yanampeleka mahali asipotakiwa kuona. Mimi na rafiki yangu tumeshaanza kubishana, na hata kusoma hatujaanza.

Nafasi zilizo wazi: (1) kitabu cha upelelezi cha safarini, ila nataka na mwenzake wa Kiswahili, (2) kitu cha kusoma kwa sauti nyumbani, watoto na wazee wakiwepo.

Karibuni.

---

#2 Mzee wa Samora

Dada, hongera. Uzi wa namna hii ndio unaotakiwa humu.

Kwenye Dickens niongeze jambo moja litakalowasaidia kubishana vizuri. Yule mtu hakubuni umaskini. Baba yake alifungwa mwaka 1824 kwa kudaiwa, jela ya Marshalsea kulekule London, na Dickens akiwa na miaka 12 akapelekwa kiwandani kubandika lebo kwenye makopo ya dawa ya viatu. Ukilijua hilo, ukifika kwa familia ya Cratchit, yule karani wa Scrooge, wakigawana bata bukini mmoja hadi mifupa inasafishwa, unasoma tofauti. Yule mama anavyoogopa pudini isije ikavunjika wakati wa kuitoa, mpaka anaenda kuitoa peke yake, watoto wote wakisubiri! Hiyo hofu ameiandika mtu aliyewahi kukaa mezani akasubiri.

Kupata vitabu: O. Henry na Dickens hakimiliki zimeisha, kwa hiyo vinapatikana bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg, na kwa sauti kwenye tovuti ya LibriVox. Faili la maandishi halifiki hata MB moja, bando halitaguswa. Pakua kabla ya kuanza safari, ukipita milimani mtandao unakatika. Keegan yuko hai na anakula kwa kalamu yake, huyo nunueni.

---

#3 Njugu Karanga

Salamu kutoka Nairobi.

Kama mada ni watu wanaohesabu pesa Krismasi, mbona mmeenda hadi Ireland na hamjapita hapa? Kuna hadithi ya Uwem Akpan inaitwa "An Ex-Mas Feast". Yeye ni Mnigeria, aliiandika akiwa padri Mjesuti, lakini hadithi ni ya Nairobi kabisa. Ilitoka kwa jarida la The New Yorker mwaka 2005, kisha ikaingia katika kitabu chake "Say You're One of Them", 2008. Familia inaishi kwenye kibanda barabarani. Msimulizi ni Jigana, kijana wa miaka minane anayetaka kwenda shule. Dada yake Maisha ana miaka 12 na ndiye analeta pesa nyumbani, na mnaweza kukisia analeta vipi. Mama anawapa watoto gundi ya viatu wanuse ili njaa itulie wakimsubiri dada.

Niliisoma nikiwa kwa matatu na nikashuka mahali si pangu.

Mimi naona hii ndiyo inafaa kufunga mjadala wenu. Bila hii mnasoma umaskini wa mbali tu.

---

#4 Binti wa Kihamba

Njugu Karanga, asante sana. Hadithi hiyo naijua, na nimeiwaza kwa muda mrefu kabla ya kukujibu.

Unasema kweli kwamba ndiyo iliyo karibu nasi kuliko zote. Lakini rafiki yangu anatoka zamu ya usiku, amekesha na wazee wagonjwa, halafu mimi nimpe mtoto wa miaka 12 aliyeko barabarani? Tarehe 23 Desemba? Chalenji yetu tumeiita ya taratibu, na taratibu kwangu mimi ni kumwangalia mwenzio ana hali gani kabla hujampa kitabu. Keegan naye ana uzito, ila ameshika mkono wa msomaji mpaka mwisho. Akpan hakushiki mkono. Anaondoka na wewe unabaki pale pale na Jigana.

Kwa hiyo nimeamua hivi: inaingia, lakini baada ya mwaka mpya, rafiki yangu akipata mapumziko. Na tutaisoma wakati mmoja tukiwa kwenye simu, si kila mtu kivyake.

---

#5 Njugu Karanga

Hapo umenena. Na kweli si hadithi ya kusoma ukiwa peke yako usiku. Nimekubali Januari.

---

#6 Pwani Yangu

Assalaam aleikum, na heri kwenu mnaojiandaa na sikukuu.

Mimi ni Muislamu, niko Unguja, na kila Desemba nasoma pamoja na swahiba wangu Mkristo wa Mtwara tuliyesoma naye chuo. Ramadhani yeye ndiye ananifuata kwa vitabu vyangu. Kwa hiyo msidhani chalenji hii ni ya waumini wa upande mmoja.

Nafasi yako ya upelelezi ina jibu hapa hapa kisiwani: Muhammed Said Abdulla, "Mzimu wa Watu wa Kale". Mswada wake ulishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957–58, kitabu kikatoka 1960. Mpelelezi ni Bwana Msa na kiko chake, pembeni yake Najum anayeuliza maswali ambayo na sisi tulikuwa tunataka kuuliza. Maiti inakutwa mzimuni, na kila mtu ana lake la kusema kuhusu mashetani. Bwana Msa anavuta kiko, anasikiliza, na haamini hata moja. Kiswahili chake ni cha kulamba. Mwandishi alikuwa mhariri wa jarida la Mkulima, na unaiona kazi ya mhariri: hakuna sentensi iliyokaa bure.

Si kitabu cha Krismasi, najua. Lakini safari ya basi haihitaji Krismasi, inahitaji kitabu kisichokuacha usinzie.

---

#7 Binti wa Kihamba

Wa aleikum salaam Pwani Yangu. Umenimalizia tatizo zima!

Kwa sababu upande wa Kiingereza nilikuwa nimeshachagua Agatha Christie, "Hercule Poirot's Christmas", 1938. Shemeji yake James alimlalamikia kwamba mauaji kwenye vitabu vyake yamekuwa laini mno, anataka damu. Akamwandikia hiki, na akamtabarukia yeye ukurasa wa mwanzo kabisa.

Niwaambie kwa nini kitabu hiki Mchagga anakisoma kama habari ya nyumbani. Simeon Lee, tajiri mzee, anawaita wanawe wote waje Krismasi, hata wale ambao hawasemezani miaka. Wakishakusanyika, anahakikisha wanamsikia akiongea kwa simu na mwanasheria kuhusu kubadili wosia. Usiku wa tarehe 24 anakutwa amekufa chumbani, mlango umefungwa kwa ndani. Sasa sisi kwetu Krismasi ndiyo wakati wa vikao vya ukoo. Watu wametoka Dar, Mwanza, Arusha, wapo waliotoka nje ya nchi, na baada ya ibada na nyama kuna kikao: kihamba, yaani shamba la ukoo, kinabaki kwa nani, nani amesogeza mpaka, nani hajaleta mchango. Kila mtu anamjua mzee mmoja anayependa kuwaona wanawe wakikodoleana macho. Christie ameandika nyumba ya Kiingereza, ila viti ni vile vile na macho ni yale yale.

Na Bwana Msa na Poirot, mpelelezi wa Christie, wakikaa pamoja kuna swali tamu la kumwuliza rafiki: nani kati yao anapendelea watu, na nani anapendelea fumbo? Mimi nina jibu langu. Namsubiri yeye kwanza.

---

#8 Kopenhagen Bongo

Wakuu, niko Denmark, niruhusuni niseme juu ya huku kaskazini.

Wenye desturi ya vitabu vya Krismasi hasa ni watu wa Iceland. Wakati wa vita kuu ya pili bidhaa za kuagiza nje zilibanwa sana, lakini karatasi haikubanwa vile, hivyo vitabu vikawa zawadi inayowezekana. Mwaka 1944, mwaka ule ule walipojitangaza jamhuri na kuachana na Denmark, wachapishaji walianza kutoa orodha ya vitabu vipya inayopelekwa majumbani kabla ya Krismasi. Mpaka leo usiku wa tarehe 24 watu wanapeana vitabu na kukaa kuvisoma. Wameyaita mafuriko ya vitabu.

Kwa kusoma na watoto, Wadeni wana Hans Christian Andersen. Mtoto wa kuuza viberiti, 1845, wengi mnamjua. Mimi ningechagua "The Fir-Tree" ya 1844. Ni msonobari mdogo msituni ambao kila siku unatamani siku nyingine: nikiwa mkubwa, nikikatwa, nikipambwa. Unapambwa, usiku mmoja tu, halafu unatupwa darini. Huko panya wadogo wanauomba usimulie hadithi, nao unasimulia ile moja uliyoisikia usiku wa sherehe. Watoto wangu walininyamazia kabisa nilipofika hapo kwa panya.

---

#9 Kifimbo

Mimi swali langu liko moja kwa moja. Vitabu vingi mnavyotaja ni vya Kiingereza. Bibi yangu wa miaka 80 hajui Kiingereza, na yeye ndiye anayependa kusomewa. Wa kwetu yuko wapi?

---

#10 Mzee wa Samora

Kifimbo, swali zuri, na jibu lipo. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, mshairi mkubwa aliyefariki 1969. Aliandika "Utenzi wa Enjili Takatifu", Injili nzima kwa utenzi. Kitafute maktaba za seminari na kwa mapadri wazee, au waulize wanaouza vitabu vilivyotumika kule Posta. Utenzi una mizani nane kila kipande, na bibi akishaushika mwendo wake ataanza kukujibia kina kabla hujafika. Kile ni kitabu cha kusomewa watu sebuleni.

Ukikikosa, chukua Biblia yenyewe. Injili ya Luka ina sura 24. Ukianza tarehe 1 Desemba, sura moja kila jioni, unamaliza mkesha wa Krismasi. Waumini wa sehemu nyingi duniani wanafanya hivyo. Bibi atapenda hasa sura ya 1, ile ya Elisabeti na Mariamu, wanawake wawili wenye mimba wanapokutana na mtoto anaruka tumboni.

---

#11 Kifimbo

Nimekusoma mzee. Luka naanza nao, huku naulizia utenzi kwa paroko.

---

#12 Binti wa Kihamba

Wakuu mmenijazia nafasi zote na zaidi. Orodha imekaa hivi, na nimeshamtumia mwenzangu Leeds.

Wiki ya kwanza ya Desemba ni O. Henry peke yake, kwa sababu ni kifupi na kinampa kila mtu hisia ya kwamba ameshaanza. Baadaye Dickens, jioni tano zozote kila mtu atakazochagua. Keegan tumemweka katikati ya mwezi, kabla ya pilikapilika. Safari ni ya Poirot na Bwana Msa: mimi naondoka na Bwana Msa kwenye basi, yeye anabaki na Poirot kwenye treni za kwenda kazini, halafu tarehe 27 na 28, watu wameshaanza kupungua nyumbani, tunabadilishana. Kwa sauti, kule Moshi, nitawasomea watoto ule msonobari, nikitafsiri papo kwa papo, na jioni Luka kwa ajili ya wazee. Akpan Januari.

Rafiki yangu amejibu kwa voisi. Anasema Luka anataka na yeye, ataisoma na bibi mmoja anayemhudumia, Mjamaika, ambaye kila usiku anamwomba amsomee kitu. Kwa hiyo tutakuwa nyumba mbili tunasoma sura moja, sisi saa tatu usiku na wao saa kumi na mbili jioni, maana Desemba Uingereza iko nyuma yetu kwa saa tatu.

Mzee wa Samora, swali la mwisho: "Mzimu wa Watu wa Kale" nimeambiwa matoleo ya zamani ni magumu kupatikana. Pale duka la vitabu la TPH mtaa wa Samora umewahi kukiona siku za karibuni, au nianzie kwa wauza vitabu vilivyotumika?

---

#13 Mzee wa Samora

Anzia TPH, wape jina la mwandishi na jina la kitabu uliandike kwenye karatasi. Wasipokuwa nacho, pita kwa wale wanaopanga chini kule Posta asubuhi, kabla jua halijawaka, ndipo wanatandaza mzigo. Ukikipata kilichotumika, hakikisha kurasa za mwisho zipo. Kitabu cha Bwana Msa kisicho na kurasa za mwisho ni hasara kubwa.

---

#14 Pwani Yangu

Asipokipata Dar aniambie kabla ya tarehe 15. Nina nakala mbili, moja naipeleka bandarini kwa boti ya asubuhi.